Ua jeupe la petali nyingi kwa bustani ya Mwanza: iache piyoni, panda asumini ya zamani

Piyoni (kwa Kiingereza peony) ni ua la nchi za baridi. Ile nyeupe ambayo watu hutumiana picha zake, ile yenye petali zilizojazana mpaka shina linainama kwa uzito, huenda ni Festiva Maxima au Duchesse de Nemours. Ni aina kongwe zote mbili. Ya kwanza ilitolewa Ufaransa na Miellez mwaka 1851. Ni nyeupe pe, na ukiipekua katikati unakuta madoa machache mekundu. Ya pili ilitolewa na Calot, Mfaransa pia, mwaka 1856, nayo ina umanjano wa mbali kwa ndani. Mmea mmoja ukitunzwa huweza kuishi zaidi ya miaka 50 mahali pamoja, ndiyo maana huko kwao watu huurithi pamoja na nyumba.

Je, itamea Mwanza? Kumea itamea. Kuchanua ndiko kusikokuwepo, na ni afadhali ulijue hilo kabla hujatuma hela.

Sababu ni usiku wetu. Asili ya piyoni hizi ni Siberia, Mongolia na kaskazini mwa China. Kila mwaka majani yake hufa, mmea hulala ardhini, na macho yaliyo juu ya mizizi yake minene huhitaji wiki nyingi za baridi ya nyuzi joto 5 kushuka chini. Wakulima wake hukadiria saa 500 hadi 1,000 za baridi hiyo ndipo macho yaamke yakiwa na ua ndani yake. Mwanza iko kusini kidogo tu mwa ikweta, kwenye kimo cha mita 1,140 hivi, na usiku wetu kwa kawaida huzunguka nyuzi joto 15 hadi 18. Ile baridi ya Juni na Julai inayowatoa watu masweta alfajiri kule Capri Point, kwa piyoni bado ni joto. Itatoa majani msimu mmoja au miwili, itanyong'onyea, kisha masika yataiozesha.

Kuna wanaoshauri kuidanganya kwa friji: unaweka mizizi ndani ya nyuzi joto 2 hadi 4 kwa wiki zisizopungua sita, unaitoa, unaipanda. Wakulima wa biashara katika nchi zenye joto hufanya hivyo kwenye vyumba vya baridi. Nyumbani itakubidi uifanye kila mwaka, friji isiwe na ndizi wala maembe maana gesi ya matunda yanayoiva huharibu macho, na umeme usikatike. Mwenye uwezo wa kuahidi hilo la mwisho ajitokeze.

Na mbegu je? Aina yenye jina haipatikani kwa mbegu. Huzalishwa kwa kugawa mizizi. Pakiti yenye picha ya Festiva Maxima na maandishi kwamba ndani mna mbegu zake ni biashara ya picha. Kwa Tanzania, sehemu ambazo ningethubutu kuijaribu piyoni ni nyanda za juu za Makete na Kitulo ambako sakitu (umande ulioganda) huanguka, na huko si kwetu.

Tufanye kinachowezekana. Picha ile inavutia kwa mambo matatu: weupe, wingi wa petali na ukoo mrefu. Yote matatu yapo kwenye asumini ya petali nyingi, na harufu unapewa juu yake. Haihitaji baridi hata siku moja. Kinachoiamsha ni jua, ukame mfupi na mkasi, vitu ambavyo Mwanza tunavyo vya kutosha.

Chagua aina kwanza

Asumini tunayoizungumzia ni ile ambayo watu wa pwani hutungia vikuba, vile vishada vya maua vya kujipamba, pamoja na mrehani na waridi, na ambayo Wahindi huiita mogra. Ufilipino waliifanya ua la taifa mwaka 1934. Ina aina kadhaa, nyingine za petali chache zilizopangwa safu moja, nyingine za petali nyingi. Kwa atakaye sura ya piyoni, zinazofaa ni mbili.

Grand Duke of Tuscany ndiyo kongwe yenye historia. Cosimo III de' Medici, aliyetawala Tuscany, Italia, kuanzia 1670 hadi 1723, aliletewa asumini hii kutoka Goa, India, mwishoni mwa karne ya 17, akaitunza kwenye bustani ya Castello karibu na Florence, na inasimuliwa kwamba hakuruhusu mtu yeyote kuchukua hata tawi moja. Ua lake ni mviringo, upana wa sentimita 3 hadi 4, petali zimebanana sana hivi kwamba kwa mbali utadhani ni kiwaridi kidogo. Majani ni mazito, ya kijani iliyokolea, mara nyingi yamekaa matatu matatu kwenye kifundo kimoja, yaani pale majani yanapotokea kwenye tawi. Mmea husimama wima, hukua polepole, na hauna haraka ya kuchanua.

Belle of India ina petali ndefu zaidi, zenye ncha, na ua lake limelegea kidogo. Hukua upesi, hulegea na kutaka kuegemea, na huchanua mara nyingi zaidi. Kama hujawahi kulima asumini, anza na hii. Kama una subira na unataka ua la kumwonyesha mgeni, chukua Grand Duke. Mwenye nafasi apande zote mbili, moja imfurahishe wakati anaingoja nyingine.

Angalia usiuziwe kingine. Kuna kichaka cha mapambo kinachofanana nayo sana, maua meupe ya petali nyingi, majani yanayong'aa. Vunja jani lake: likitoa utomvu mweupe, si asumini, na utomvu huo una sumu, usiuache ufike machoni. Gadenia nayo huuzwa kwa jina la asumini. Ua la gadenia ni kubwa zaidi, jani lake lina nta na mishipa iliyozama, na likizeeka hugeuka manjano. Asumini ikizeeka hugeuka rangi ya zambarau iliyochujuka, kisha kahawia. Gadenia ni mmea mzuri pia, ila matunzo yake ni mengine na hasira zake ni nyingi zaidi.

Kuupata mche

Nenda kwenye vitalu vya kando ya barabara mmea ukiwa na maua. Bila maua utanunua jina tu. Mazungumzo huwa hivi:

"Shikamoo, mama. Hii asumini ni ya petali nyingi au ya safu moja?"

"Marahaba, mwanangu. Hiyo ni nyeupe."

Hajakudanganya, kwake asumini ni asumini. Muombe akuonyeshe hata ua moja lililokauka chini ya kopo, ulihesabu. Ukikosa kitaluni, ulizia kwenye familia za Kihindi mjini. Ua hili hutumika kwenye ibada na kwenye nywele za kina mama, na mwenye kichaka kikubwa hupogoa hata hivyo. Matawi anayoyatupa ndiyo unayoyataka.

Mche unaosafirishwa kutoka Dar es Salaam au Tanga huvumilia safari ya basi vizuri ukiwa na udongo kwenye mizizi, umefungwa gunia lenye unyevu na kuwekwa mahali pasipo na joto la injini. Ukifika, uweke mbali na mimea mingine kwa wiki mbili, ukague chini ya majani. Kuagiza kutoka nje ya nchi ni jambo jingine: unahitaji kibali cha kuingiza mimea kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na cheti cha afya ya mmea kutoka nchi unakotoka. Usiufiche kwenye begi la nguo. Mizizi hubeba minyoo na magonjwa ambayo yakishaingia hayatoki.

Mahali pa kuuweka

Asumini inataka jua la saa sita au zaidi kwa siku. Chini ya mwembe utapata majani mazuri na hakuna ua. Mahali bora ni upande wa mashariki au kaskazini-mashariki wa nyumba, penye jua la kuanzia asubuhi hadi adhuhuri.

Mwanza ni jiji la miamba, na miamba hiyo ina faida na hasara. Jiwe kubwa hufyonza joto mchana na kulitoa usiku, jambo ambalo asumini hulipenda. Lakini jiwe lililo mashariki ya mmea litaupiga joto la pili saa tisa alasiri, na udongo wa kwenye kopo utakauka kabla hujarudi kazini. Tena maji ya mvua hutiririka juu ya mwamba na kumwagika sehemu moja. Usipande pale yanapomwagikia, hata kama udongo wa hapo unaonekana mweusi na mtamu. Kaa pembeni, mita moja au mbili.

Walio kwenye miinuko ya Isamilo au Capri Point wafikirie upepo pia. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani, na ndio unaokausha vyungu kuliko jua lenyewe. Ukuta mfupi au safu ya mimea migumu upande wa ziwa inatosha kuupunguza. Usiujengee asumini sanduku. Hewa ikisimama, utitiri unafurahi.

Na kama kiwanja chako kinagusa ufuko, kumbuka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Vyungu vyako na mbolea zako vikae juu ya hapo.

Udongo na chombo

Hapa ndipo asumini nyingi za Mwanza hufia, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Udongo wa mjini ni wa aina mbili kubwa. Kwenye miteremko chini ya miamba ya matale kuna mchanga mwepesi, ule Wasukuma wanaouita luseni: maji hupita haraka, na mbolea hupita nayo. Kwenye mabonde kuna mbuga, udongo mweusi mzito unaonata wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Asumini haitaki wa kwanza peke yake, na wa pili haitaki kabisa. Mizizi yake ikikaa ndani ya maji siku chache huanza kuoza.

Kuna udongo wa tatu ambao watu husahau kuuhesabu: ule ulio kando ya msingi wa nyumba. Mafundi wakimaliza kupiga lipu hufukia saruji, chokaa na vipande vya matofali hapo hapo. Asumini hupenda udongo wenye asidi kidogo, wa pH (kipimo cha asidi, kikipanda asidi hupungua) kati ya 6 na 7, na kifusi cha saruji huipandisha. Ukiona majani machanga yamekuwa manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, mmea umekosa madini ya chuma, na mara nyingi si kwamba hayamo. Saruji ndiyo imeyafunga. Kumwaga mbolea zaidi hakusaidii. Hamisha mmea au upande kwenye chungu tangu mwanzo.

Mimi nashauri chungu kwa mwaka wa kwanza, hata kwa mwenye shamba. Utaweza kuuhamishia kivulini, utausogeza chini ya bati mvua zikizidi, na utaujua kabla hujaufunga ardhini. Ndoo ya rangi ya lita 20 ikioshwa vizuri inatosha kwa miaka miwili. Mche mdogo uanze kwenye kopo la lita 4 au 5 kwanza, kwa sababu mizizi michache ndani ya udongo mwingi uliolowa huoza. Toboa matundu sita hadi nane chini, ya upana wa kidole, na uinue ndoo juu ya vipande vya tofali ili maji yatoke kweli.

Mchanganyiko unaofaa kwetu: sehemu mbili za udongo wa juu wa bustani, sehemu moja ya mchanga mkubwa wa mto, sehemu moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza mpaka haina harufu. Ukipata makapi ya mpunga yaliyochomwa yakawa meusi bila kugeuka majivu, ongeza nusu sehemu. Yanafanya udongo upumue, na kwenye mashine za kukoboa mpunga makapi hayakosekani. Mchanga laini wa ufukweni hauna chumvi, maana ziwa letu ni la maji baridi, ila hushikamana na kuziba njia za maji. Tumia ule wenye chembe unazoweza kuzihisi kati ya vidole.

Kwa anayepanda ardhini: chimba shimo la sentimita 50 kila upande, changanya udongo uliotoka na samadi debe moja, rudisha, kisha inua tuta la sentimita 15 hadi 20 na upande juu ya tuta. Kwenye mbuga usichimbe shimo kabisa. Shimo ndani ya udongo wa mfinyanzi hugeuka beseni. Jenga kitanda cha mawe, kimo cha goti, ukijaze udongo mchanganyiko. Mawe hayaulizwi Mwanza.

Kupanda

Panda jioni, mwanzoni mwa mvua za vuli, Oktoba au Novemba. Masika nayo yanafaa ukipanda mapema Machi, ila mmea mchanga utakuwa na mvua nyingi kuliko unavyohitaji.

Mwagilia mche ndani ya mfuko wake saa moja kabla. Chana mfuko, usiuvute mche kwa shina. Ukiona mizizi imezunguka chini, ilegeze kwa vidole na ukate iliyojisokota. Uupande kina kile kile ulichokuwa nacho, shina lisifukiwe. Kandamiza udongo kwa viganja, si kwa kisigino. Mwagilia mpaka maji yatoke chini, halafu usimwagilie tena mpaka udongo wa juu ukauke. Weka kwenye kivuli chepesi kwa siku saba hadi kumi, kisha uusogeze juani kidogo kidogo.

Matandazo ni lazima wakati wa kiangazi. Majani makavu, mabua ya mahindi, hata magugu maji yaliyokaushwa juani hadi yakavunjika mkononi. Ukitumia magugu maji, yakaushe mbali na bwawa au mfereji, na usichukue yenye maua, usije ukasambaza mbegu zake. Acha nafasi ya vidole vinne kuzunguka shina.

Mche ukishashika na kutoa matawi ya urefu wa kiganja, chuna ncha zake. Inauma kufanya hivyo kwa mmea uliouhangaikia, lakini kila ncha unayoichuna huleta matawi mawili, na ua la asumini hukaa kwenye ncha ya tawi jipya. Mwaka wa kwanza unajenga matawi tu.

Maji na mbolea

Chomeka kidole mpaka kiungo cha pili. Pakavu, mwagilia hadi maji yatoke chini. Pana unyevu, ondoka. Kuanzia Juni hadi Septemba chungu kilicho juani kitahitaji maji karibu kila siku, isipokuwa zile wiki chache za ukame wa Agosti nitakazozieleza hapa chini. Wakati wa masika pengine kisihitaji chochote kwa wiki nzima.

Mbolea bora tuliyo nayo Kanda ya Ziwa ni mashudu ya pamba. Watu huyafikiria kama chakula cha ng'ombe, lakini yana naitrojeni nyingi na huiachilia polepole. Kiganja kimoja kwa ndoo ya lita 20, kila baada ya miezi miwili, ukiyafukia kidogo ili kuku na panya wasiyafuate. Anayetumia mbolea ya dukani achukue NPK ya 17:17:17, kijiko kimoja cha chai kwa ndoo kwa mwezi, kwenye udongo uliokwisha kulowa. Urea iachie mahindi. Kwa asumini utapata kichaka kinachopendeza kwa kijani chake na ua hulioni. Majivu ya jikoni tumia kwa uchache sana, nayo hupandisha pH kama saruji.

Ukame na mkasi

Sasa kiini cha kazi. Piyoni huamshwa na baridi. Asumini huamshwa na kunyimwa kisha kupewa. Wakulima wa India wanaouza maua haya sokoni hufanya hivyo kila mwaka: huzuia maji, hupogoa, kisha hufungulia maji na mbolea. Kalenda yetu ya Mwanza inalingana na mbinu hiyo vizuri kabisa.

Kuanzia katikati ya Agosti, punguza maji. Mwagilia pale tu majani yanapoanza kulegea mchana, na umwagilie nusu ya kawaida. Usitoe mbolea. Endelea hivyo wiki mbili hadi tatu. Majani ya chini yatageuka manjano na kudondoka, usihurumie. Mmea wa chungu usiuache ulegee mpaka asubuhi, huo si ukame wa kuamsha bali wa kuua.

Mwanzoni mwa Septemba chukua mkasi mkali uliopanguswa kwa spiriti. Ondoa kwanza matawi makavu, yaliyokonda kama njiti na yanayokwenda ndani. Kisha punguza matawi yaliyobaki kwa theluthi hadi nusu ya urefu, ukikata juu kidogo ya kifundo kinachotazama nje. Belle of India unaweza kuikata nusu bila woga. Grand Duke iguse kwa theluthi tu, maana hurudi polepole. Pukuta majani makubwa yaliyobaki.

Siku hiyo hiyo au kesho yake, toa mbolea na mwagilia kwa wingi, kisha rudi kwenye maji ya kawaida. Ndani ya wiki mbili utaona chipukizi kwenye kila kifundo. Vitumba hufuata, na kwa kawaida maua huanza kati ya wiki ya sita na ya nane, vuli nayo ikiwa imefika kukusaidia kumwagilia.

Mkupuo wa kwanza ukiisha, usiache maua makavu mtini. Kata kila tawi lililochanua, uondoe vifundo viwili au vitatu vya juu pamoja na ua lake. Ukifanya hivyo kila mara, mmea hutoa mikupuo mingine hadi Mei. Mwenye Grand Duke asishangae akipata maua matatu pale jirani mwenye Belle anapochuma bakuli.

Masika yana shida moja. Petali nyingi hushika maji, na ua lililolowa usiku kucha huwa kahawia kabla ya kufunguka. Mvua kubwa za Mwanza hutoka ziwani usiku na alfajiri. Chungu chenye vitumba vilivyonenepa kisogeze chini ya ukingo wa bati jioni, na ukirudishe juani asubuhi.

Wadudu na magonjwa kwa ufupi

Utitiri mwekundu huja kiangazi: majani yanakuwa na vidoadoa vya fedha na utando mwembamba chini. Piga maji kwa nguvu upande wa chini wa majani, asubuhi, siku tatu mfululizo. Vidung'ata, wale weupe wenye sufu, hukaa kwenye vifundo. Wafute kwa pamba yenye spiriti. Vidukari na nzi weupe hupungua kwa maji ya sabuni, kijiko kimoja cha sabuni ya maji kwa lita moja, jioni, au kwa mafuta ya mwarobaini yaliyochanganywa kama lebo inavyosema. Kitumba chenye tundu kina kiwavi ndani, kichume ukiponde. Mmea unaonyauka huku udongo una maji umeoza mizizi: utoe, kata mizizi iliyokuwa myeusi, uupande upya kwenye udongo mkavu kiasi, na upunguze matawi.

Kuzalisha miche

Petali nyingi zimechukua nafasi ya viungo vya uzazi, kwa hiyo usitarajie mbegu. Matawi uliyoyapogoa Septemba ndiyo mbegu zako. Chagua yasiyo laini sana na ambayo hayajakomaa kuwa mti, ukubwa wa penseli au pungufu. Kata vipande vya sentimita 10 hadi 15 vyenye vifundo vitatu, ukikata chini kidogo ya kifundo cha mwisho. Ondoa majani ya chini, ya juu yakate nusu.

Chovya mwisho wa kipande kwenye dawa ya kuotesha mizizi kama unayo, kisha chomeka kwenye mchanga mkubwa uliochanganywa na makapi ya mpunga yaliyochomwa, nusu kwa nusu. Usitie samadi hapa. Funika kwa chupa kubwa ya maji iliyokatwa chini, kizibo kikiwa wazi, na weka kivulini. Mizizi huchukua wiki nne hadi nane. Usivute kujaribu, ukiona majani mapya yamefika mawili matatu, tayari.

Grand Duke hugoma kwa njia hii, vipande vingi hukauka. Kwake ni afadhali kufunga udongo juu ya tawi likiwa bado mtini: menya gome pete ya sentimita 2 kwenye tawi zima, zungushia udongo wenye unyevu na samadi kidogo, funga kwa nailoni, kaza juu na chini. Fanya hivi mwanzoni mwa mvua. Mizizi ikionekana kupitia nailoni, baada ya miezi miwili au mitatu, kata chini yake na upande kwenye kopo.

Kuchuma

Kitumba cha asumini hufunguka jioni. Chuma kuanzia saa kumi, vile vilivyonenepa na kuwa vyeupe kabisa lakini bado vimefunga. Vyenye ukijani havitafunguka. Viweke ndani ya kitambaa chenye unyevu, na ikifika magharibi vitakuwa vimechanua popote ulipoviweka, iwe kwenye kikuba, nywele au bakuli la maji mezani. Grand Duke, kwa uzito wa petali zake, hufaa zaidi ikiachwa mtini, ambapo ua moja linaweza kudumu siku kadhaa.

Kwa chai, tumia maua ambayo hayajapigwa dawa yoyote. Panga majani ya chai makavu na vitumba kwa tabaka ndani ya kopo safi jioni, funika, na asubuhi uyatoe maua yote kabla hayajaleta unyevu. Ukirudia kwa maua mapya usiku wa pili, harufu hukaa. Ukiyasahau ndani, chai huota ukungu, nayo itupe.